Kutoka Gerezani hadi Tunduma kwa Adapta Nne

Barabara itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900, na katika urefu wote huo hakuna kipimo kimoja cha nati kinachotawala. Lori lililoundwa Uswidi linashuka na shaba ya Zambia au ya Kongo kuelekea bandarini. Basi lililoundwa China linapanda na abiria wa Iringa na Mbeya. Noah iliyotumika kwanza Japani inapeleka familia msibani Mafinga. Na huko pembeni, kwenye njia za vumbi za Njombe, Land Rover ya zamani ya Uingereza bado inatoa viazi shambani. Kila gari lina nati zake, na kila nati inadai spana yake. Msafiri anayejiandaa kwa njia hii, na kijana anayetaka kufungua gereji kando yake, wanakabiliwa na swali moja: vifaa gani vitamfaa mtu ili asikwame? Jibu lililozoeleka ni sanduku kubwa la chuma lililojaa seti juu ya seti. Mimi ninalo jibu jingine, na makala hii ni ya kulitetea: vifaa ambavyo mtu tayari anavyo vitafanya kazi nyingi zaidi akivinunulia adapta nne za soketi, vipande vidogo vinavyoenea kwenye kiganja, mradi ajue kwamba adapta humwongezea mahali pa kufika na haimwongezei nguvu hata chembe. Naichukua barabara hii kuwa shahidi wangu, kwa sababu sijui njia nyingine nchini inayokusanya vipimo vingi vya dunia kwa pamoja namna hii.

Mkusanyiko huo una historia. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, njia ya Zambia kwenda baharini kupitia kusini iliingia mashakani, na macho yakageukia Dar es Salaam. Malori ya mafuta yalipita kwenye barabara ya udongo iliyoua na kuvunja magari kiasi cha kuitwa njia ya jehanamu. Kisha kila rafiki akaja na chuma chake. Waitaliano walijenga bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi 1968. Wamarekani walisaidia kuweka lami. Wachina walijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, kwa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli ya Zambia, wakati Reli ya Kati ya Tanzania ilikuwa ya milimita 1,000. Mabehewa ya reli moja hayakuweza kupita kwenye reli nyingine, na hatimaye kituo cha kuhamishia mizigo kikajengwa Kidatu. Juu ya hayo, Waingereza walituachia desturi ya kuendesha upande wa kushoto, na desturi hiyohiyo imefanya magari yaliyotumika Japani yatufae bila kubadili usukani. Anayeisafiri barabara ya Tunduma anapita katikati ya vipimo vilivyoamuliwa Roma, Washington, Beijing, London na Tokyo. Hakuna fundi wa Chalinze aliyeulizwa. Kazi yake ni kuviunganisha tu.

Tuanzie basi Dar es Salaam, kwenye maduka ya vifaa ya Gerezani na Kariakoo, maana hapo ndipo sanduku la safari linapojazwa. Chukua soketi yoyote, ile ambayo mafundi wengi huiita boksi, uigeuze uitazame pande zote mbili. Mbele ina tundu la kushika kichwa cha nati, na hapo ndipo dunia iliposhindwa kuelewana: milimita, inchi, pembe sita, pembe kumi na mbili, nyota. Nyuma ina tundu la mraba la kuingizia mpini, na hapo dunia imeelewana kwa namna ya kushangaza. Miraba inayotumika kwa kawaida ni mitano tu: robo inchi, 3/8, nusu inchi, robo tatu ya inchi, na inchi moja. Hata seti ya Kijapani au ya Kijerumani iliyoandikwa milimita kila mahali ina mraba wa inchi mgongoni. Racheti iliyoundwa China itazungusha soketi iliyoundwa Ujerumani bila ugomvi wowote. Adapta inafanya kazi upande huu wa nyuma, penye maafikiano, na ndiyo maana kipande kidogo hivyo kinaweza kuleta faida kubwa hivyo: kinachobaki kuvukwa ni tofauti ya mraba mmoja na mwingine, na tofauti hiyo ni ileile Gerezani, Kampala na Lubumbashi.

Wazo hili halikutokana na umaskini wa mtu yeyote. Kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1920, Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on kwa kuuza soketi kumi zilizoweza kuchomekwa kwenye mipini mitano tofauti. Kabla ya hapo, fundi wa magari alizoea kununua spana za boksi ambazo mpini na kichwa ni kitu kimoja. Kila nati na kila pembe ya kuifikia ilidai chombo kizima. Wao walijinadi kwa hesabu rahisi: vitano vinafanya kazi ya hamsini. Adapta inaisogeza hesabu hiyo hatua moja mbele. Tuseme fundi ana racheti tatu, ya robo inchi, ya 3/8 na ya nusu inchi, kila moja na soketi zake kumi. Bila adapta ana miunganiko 30 tu, kwa sababu kila racheti imefungiwa ndani ya familia yake. Mpe adapta nne, mbili za kupanda na mbili za kushuka kati ya miraba hiyo, na kila racheti sasa inazifikia soketi zote 30. Miunganiko inakuwa 90. Si yote 90 yenye busara, na nitaeleza punde kwa nini, lakini hata nusu ya nyongeza hiyo ni faida ambayo hakuna seti mpya ya bei hiyo inayoweza kuitoa.

Takwimu hizo zinapata maana barabarani. Kati ya Chalinze na Morogoro magari madogo mengi yanayosimama kando ya njia ni ya Kijapani, na mahitaji yao yanajulikana: namba 10, 12, 14, 17 na 19 kwa sehemu kubwa ya injini na chini ya gari, namba 21 kwa nati za tairi za Toyota nyingi. Gari la Ulaya lililosimama mita chache mbele linaweza kuwa na bolti yenye uzi uleule na kichwa tofauti. Bolti ya M8 ya Kijapani hufunguliwa kwa namba 12, ya Ulaya kwa namba 13. Ya M10 kwa Mjapani ni namba 14, kwa Mzungu ni 16, na kwenye magari ya zamani ya Kijerumani ni 17. Mwenye sanduku la Kijapani anayesaidia gari la Ulaya hahitaji seti mpya nzima. Anahitaji soketi mbili tatu za kuongezea, namba 13, 16 na 18, azipate kwa mraba wowote utakaopatikana dukani, kisha adapta izilete kwenye racheti aliyonayo. Hapo ndipo akiba inapoonekana. Bila adapta, soketi ya namba 16 yenye mraba wa 3/8 haina maana kwa mwenye racheti ya nusu inchi. Akiwa nayo, duka lolote la Mikumi au Makambako linakuwa na kitu cha kumfaa.

Mfano mwingine ni plagi. Injini nyingi ndogo za Toyota, kama zile za Vitz, IST na Probox, zina plagi za kufunguliwa kwa soketi ya namba 16, zilizokaa ndani ya visima virefu katikati ya kichwa cha injini. Soketi ya plagi mara nyingi huuzwa ikiwa na mraba wa 3/8, na inahitaji ekstensheni ili ifike chini. Sanduku la bei nafuu analonunua mwenye gari mara nyingi lina racheti ya nusu inchi peke yake. Pengo kati ya vitu hivi viwili ni la milimita tatu hivi za chuma, na pengo hilo linatosha kumzuia mtu kubadilisha plagi iliyokufa. Adapta moja ya kushusha kutoka nusu inchi hadi 3/8 inalifunga. Vivyo hivyo kwa kibanio cha bomba kilichojificha nyuma ya rejeta, ambako racheti nono ya nusu inchi haipenyi ila soketi ndogo ya robo inchi kwenye ekstensheni nyembamba inapenya. Katika kazi za namna hii nafasi ndiyo shida, na adapta ni chombo cha kutatua shida ya nafasi.

Fundi mwenye uzoefu hapa atanyanyua mkono na kusema: adapta huvunjika. Ni kweli, na pingamizi hili linastahili jibu la hesabu. Nguvu ya mraba wa chuma kustahimili msokoto hufuata ukubwa wa upande wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukiupunguza mraba kutoka nusu inchi hadi robo inchi, yaani nusu ya ukubwa, uwezo wake unashuka hadi sehemu moja ya nane. Kutoka nusu inchi hadi 3/8, unabaki na takribani asilimia 42. Kutoka robo tatu hadi nusu inchi, unabaki chini ya theluthi moja. Kwa hiyo kanuni ni moja na haina msamaha: mstari mzima, kuanzia mkononi hadi kwenye nati, una nguvu ya mraba wake mdogo kuliko yote. Adapta inayovunjika mara nyingi imevunjwa na mtu aliyeshika mpini mkubwa akasahau kwamba katikati ya mstari kuna shingo nyembamba. Lawama si ya kifaa. Hata kuvunjika kwenyewe kuna afadhali yake, kwani kipande kilichokatika ni cha bei ndogo kuliko racheti, na ni cha bei ndogo sana kuliko bolti iliyokatikia ndani ya injini.

Tuiweke kanuni hiyo kwenye mizani. Racheti ya nusu inchi huwa na urefu wa sentimita 25 hivi. Mtu akiisukuma kwa uzito wa kilo 40, jambo ambalo mwanamume au mwanamke mwenye afya analiweza, anatoa msokoto wa karibu nyutoni mita 100. Huo ndio mkazo unaofaa nati ya tairi ya gari dogo, na mraba wa nusu inchi unaubeba bila shida. Sasa chukua racheti ileile, uishushe kwa adapta mbili hadi robo inchi, uikabili bolti ya M6 yenye kichwa cha namba 10, ambayo kwa kawaida inahitaji nyutoni mita 10 tu. Mkono uliozoea kusukuma kilo 40 sasa unatakiwa usukume kilo nne. Anayejua hilo hushika racheti karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili, na kazi inakwenda salama. Asiyejua hukata bolti, kisha huilaumu adapta. Ndiyo maana nasema kwamba kuwafundisha spana boi hesabu hii ya dakika tano kuna thamani kuliko kuwanunulia seti ya pili.

Baada ya Mikumi njia inashuka kwenye bonde la mibuyu la Mto Ruaha, halafu inaanza kupanda Kitonga, na hapo mpaka wa adapta unaonekana waziwazi. Nati za magurudumu ya malori mazito ni za M22, zenye kichwa cha namba 32 au 33, na hukazwa kwa zaidi ya nyutoni mita 600. Mtu aliyeshika racheti ya nusu inchi, akaichomekea adapta ya kupandisha hadi robo tatu ili aweze kutumia soketi ya lori, amefanikiwa kushika nati bila kuwa na uwezo wa kuifungua. Akitafuta bomba la mita moja na nusu aongeze urefu wa mpini, msokoto utapatikana, lakini utapita kwenye mraba wa nusu inchi na kwenye meno madogo ya racheti, ambayo hayakuundwa kwa mzigo huo. Kinachofuata ni chuma kukatika ghafla na mtu kuanguka kwenye ukingo wa barabara ambao upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni korongo. Kwa nati za lori, dereva na utingo wabebe mpini wa robo tatu au wa inchi moja, usio na meno, na soketi nyeusi ya kipimo kamili. Adapta ya kupandisha ina kazi nyingine halali: kumruhusu mwenye racheti ndogo azungushe kwa haraka nati kubwa ambayo tayari imekwisha kulegezwa.

Pingamizi la pili huletwa na wale wanaojali vipimo, na wana haki ya kujali. Wanasema ukiweka adapta kwenye spana ya kupimia mkazo, kipimo kinaharibika. Jibu linategemea adapta yenyewe. Adapta iliyonyooka, kama ekstensheni iliyonyooka, inakaa kwenye mhimili uleule wa nati. Msokoto unaoingia juu ndio unaotoka chini, na usomaji unabaki sahihi. Kinachobadilisha kipimo ni kiungo kinachosogeza nati mbali na mhimili, kama ule mguu wa kunguru unaotumika pale ambapo soketi haiwezi kukaa juu ya nati. Kama spana ina urefu wa sentimita 40 na kiungo hicho kinaongeza sentimita 5 mbele yake, inabidi uiweke kwenye 89 ili nati ipate 100. Kiungo kinachopinda nacho hakifai kupimia, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea kwenye msuguano na kwenye pembe. Tatizo la kweli zaidi ni jingine: spana nyingi za kupimia za nusu inchi huanza kusoma karibu nyutoni mita 30 au 40, na plagi ya kawaida inahitaji takribani 20. Adapta itaifikisha spana hiyo kwenye plagi, lakini haitaifundisha kusoma namba ambazo haikuumbwa kuzisoma. Hapo mtu anunue au aazime spana ndogo.

Wapo watakaouliza kwa nini msafiri ajisumbue, ilhali mafundi wako kila mji. Kwenye njia hii ni kweli kwamba Morogoro, Ipogolo pale chini ya Iringa, Mafinga, Makambako na Uyole kuna gereji zisizolala. Lakini gari haliulizi mji uko wapi. Kati ya Morogoro na mji wa Mikumi lami inapita ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, mahali ambapo kushuka garini kunataka tahadhari na kusubiri fundi hadi usiku ni hatari. Mteremko wa Kitonga nao hauna nafasi ya kuegesha gari kwa starehe. Matawi ya miti yaliyowekwa barabarani kuonya wengine ni ishara kwamba kuna mtu amekwama kwenye kona. Huko, uwezo wa kukaza kibanio kilicholegea ndani ya robo saa ni usalama wa wote wanaopita. Na hata fundi akipatikana, hoja yangu inamhusu yeye kuliko msafiri. Fundi wa kando ya barabara hajui gari lijalo litatoka wapi. Mtaji wake haumruhusu kununua soketi zote kwa miraba yote, lakini unamruhusu kununua soketi moja moja kadiri kazi zinavyokuja, na adapta ndizo zinazofanya vipande hivyo vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti viwe sanduku moja.

Napenda kulijibu kwa uzito pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba adapta ni alama ya fundi asiyekamilika, na kwamba mteja akiona mstari wa vipande vitatu kwenye racheti ataondoka. Ukamilifu wa fundi uko kwenye nati iliyofunguliwa bila kuliwa pembe na kufungwa kwa mkazo wake. Karakana zenye kila kitu nazo huweka adapta kwenye droo, kwa kuwa hakuna seti inayotabiri kila kona ya kila injini. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la ubora, kwa sababu sokoni kuna adapta zilizotengenezwa kwa chuma laini, na kwa kifaa hiki ubahili una gharama. Mnunuzi aichunguze kwa mkono: gololi yenye springi irudi haraka ikibonyezwa na iishike soketi bila kuiachia, mraba usichezecheze ndani ya tundu, kona ziwe kali na zisiwe na alama za kupigwa msasa. Adapta inayong'aa ya kromu na vanadi ni ya mkono. Kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati, kama zile za mafundi pancha, itumike nyeusi nene iliyoundwa kwa mapigo, maana ile inayong'aa ni ngumu na huweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Na adapta zisirundikwe: mbili zitoshe, kwa sababu kila kiungo kinaongeza urefu na kuyumba, na kuyumba ndiko kunakokula pembe za nati.

Ni haki pia kutaja kile ambacho adapta haiwezi kabisa. Inafanya kazi nyuma ya soketi, na magomvi ya mbele yanabaki palepale. Land Rover ya zamani tuliyoiona kwenye viazi vya Njombe ina bolti za inchi. Soketi ya milimita 19 itaishika nati ya robo tatu ya inchi vizuri, kwa sababu robo tatu ni milimita 19.05, tofauti ndogo kuliko unene wa karatasi. Soketi ya milimita 13 itaishika ya nusu inchi kwa kulegea kidogo, kwa kuwa nusu inchi ni 12.7. Lakini nati ya 9/16 ni milimita 14.29: soketi ya 14 haiingii, na ya 15 inazunguka juu yake hadi kuila. Hakuna adapta itakayoponya hilo, wala itakayofungua bolti ya nyota kwa soketi ya pembe sita. Nasisitiza mpaka huu kwa sababu hoja ya kutetea kitu huharibika pale kitu hicho kinapodaiwa kufanya yote. Fundi atakayetenganisha maswali mawili, je, mbele inashika na je, nyuma inaunganika, atajua papo hapo kama anahitaji soketi mpya au adapta.

Mpaka wa Tunduma unapofikiwa, hesabu ya sanduku inaweza kufungwa. Kwa gari dogo au la kati, nashauri racheti moja ya 3/8, kwa kuwa mraba huo ni wa katikati na kazi nyingi za injini ziko ndani ya uwezo wake, mpini mmoja mrefu wa nusu inchi usio na meno kwa kulegeza nati za tairi na bolti sugu, soketi za namba 8 hadi 21 zile zinazotumika kweli kwenye gari hilo, pamoja na 13, 16 na 18 kwa ajili ya jirani, soketi ya plagi, ekstensheni mbili, na adapta nne, kutoka robo inchi hadi 3/8 na kurudi, kutoka 3/8 hadi nusu inchi na kurudi. Vyote hivyo vinaenea kwenye mfuko wa turubai chini ya kiti. Kabla ya kuondoka, mwenye gari avijaribu akiwa nyumbani kwenye nati zake mwenyewe, ili soketi isiyoingia igundulike Dar es Salaam na si Ruaha Mbuyuni. Na kama gurudumu limebadilishwa njiani, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nchi yetu haitaamua leo wala kesho kwamba magari yote yawe ya kipimo kimoja. Biashara ya korido hii imejengwa juu ya mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio unaoleta lori la shaba na basi la abiria kwenye lami ileile. Anayesubiri kumiliki kila kifaa ndipo aanze kazi hataanza, na anayebeba kila kifaa atachoka kabla ya Kitonga. Kinachobaki ni kujua vipande ulivyonavyo vinaungana wapi, kuvinunulia viungo vilivyo imara, na kuuheshimu mraba mdogo kuliko yote kila unapoweka mkono kwenye mpini. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha vijana majina ya spana viwafundishe pia hesabu ya mraba na msokoto katika mwaka wao wa kwanza, kwa sababu kijana mwenye hesabu hiyo na adapta nne anaweza kufungua gereji Makambako akiwa na mtaji wa seti moja, na akahudumia magari mengi yatakayosimama mbele yake.